Baada ya kupimwa bure, nini?

Ukitaka kujua kama shughuli ya upimaji wa bure imefana, waandaaji watakutajia idadi: wamepimwa watu elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Presha, sukari, uzito, urefu, ushauri wa lishe, kipeperushi mkononi, picha ya pamoja, kwaherini. Idadi hiyo ndiyo inayoingia kwenye ripoti, na ndiyo inayotumika kuombea fedha za mwaka unaofuata. Swali ambalo ripoti hizo hulijibu kwa nadra sana ni lile ambalo jirani yeyote angeliuliza: wale waliokutwa na presha ya juu, leo hii presha yao ikoje?

Siulizi kwa kubeza. Kuwafuata watu walipo, badala ya kuwasubiri hospitalini wakiwa wameshalemewa, ni kati ya mawazo bora kabisa yaliyopata kutokea katika sekta ya afya. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilitaka huduma za msingi zisogezwe karibu kadiri inavyowezekana na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, na tangu hapo hakuna serikali iliyosimama hadharani kulipinga. Tatizo ni kwamba jambo likishasifiwa na kila mtu, hakuna anayelikagua.

Nianze na watetezi, maana hoja yao ina uzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu. Asilimia 46 kati yao walikuwa hawajui. Walioweza kulidhibiti walikuwa takriban mmoja kwa kila watano. Presha, kama inavyojulikana mtaani, haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi, analala vizuri, anaamka, anakwenda kazini, hana habari, mpaka siku kiharusi kinapomlaza upande mmoja. Ugonjwa wa namna hiyo huwezi kuusubiri zahanati, kwa sababu asiyeumwa haendi zahanati. Kampeni ya kimataifa ya kupima presha kila mwezi Mei ilipoanza mwaka 2017, watu zaidi ya milioni 1.2 walipimwa katika nchi 80, na zaidi ya theluthi moja walikutwa na shinikizo la juu.

Ongeza na vikwazo vya kawaida ambavyo mtu aliye ofisini huvisahau: umbali, nauli, siku ya kazi inayopotea, woga wa kuambiwa una ugonjwa, na wanaume ambao kumwona daktari hawakioni kama jambo la kufanya mpaka wabebwe. Hema likifika karibu na nyumba zao, nusu ya vikwazo hivyo inaondoka. Na ikiwa anayewapima ni mtu wanayemfahamu, anayeijua lugha yao na shida zao, hata ule woga hupungua.

Wenye mashaka nao hawabahatishi. Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya majaribio ya kitabibu na kuyapima kwa pamoja, mwaka 2019 ulichapisha upya mapitio kuhusu uchunguzi wa jumla wa afya kwa watu wazima, yaani kuwapima watu ambao hawajaja kwa sababu ya ugonjwa fulani. Yalikuwemo majaribio 17 yenye washiriki zaidi ya 250,000. Kwa upande wa vifo, walioitwa kuchunguzwa na wasioitwa hawakupishana kwa kiasi cha kutajika.

Jaribio lililonishughulisha zaidi ni la Denmark, linaloitwa Inter99. Watu karibu 60,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Zaidi ya 11,000 wakaalikwa kupimwa na kushauriwa, waliobaki wakaachwa waendelee na maisha yao bila kujua lolote. Na haukuwa ushauri wa dakika mbili wa hemani. Waliohudhuria waliitwa kuzungumza na mshauri hadi mara nne ndani ya miaka mitano, na walioonekana wako hatarini zaidi wakaongezewa vikao sita vya kikundi kuhusu sigara, ulaji na mazoezi. Matokeo ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 2014. Ugonjwa wa moyo, kiharusi, vifo: makundi mawili yalikuwa sawa.

Wapinzani wa upimaji wa halaiki wameishika Inter99 kama fimbo. Mimi naisoma kwa tahadhari. Kwanza, karibu nusu ya walioalikwa hawakwenda, na popote duniani wanaokubali mwaliko wa kupimwa huwa ni wale ambao tayari wanajitunza. Anayevuta sigara pakiti nzima kwa siku hana haraka ya kuja kusemwa. Pili, Denmark kila mtu ana daktari wake wa familia na hamlipi anapokwenda kumwona, kwa hiyo hata kundi lililoachwa lilikuwa likipimwa presha polepole, kila mmoja kwa wakati wake. Ukiongeza kikombe cha maji kwenye pipa lililokwishajaa huwezi kuona tofauti. Mahali ambapo nusu ya wagonjwa hawajui kuwa ni wagonjwa, pipa halijajaa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Inter99 inalisema na haliwezi kukwepwa: kumpima mtu, kumweleza hatari aliyonayo, na kumshauri vizuri tena kwa kurudia, si lazima kumwongezee siku za kuishi. Ikiwa vikao vyote vile havikuonyesha tofauti, kipeperushi kitaionyesha vipi?

Na hapo hatujakigusa kipimo chenyewe. Mashine ya presha inataka mtu aliyetulia. Awe amekaa walau dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni bila miguu kupishana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda umefungwa kwenye ngozi na si juu ya shati, na mdomo umefumbwa. Sasa njoo hemani. Mtu ametembea, amesimama foleni muda mrefu, amepewa benchi lisilo na egemeo. Mkono unaning'inia. Mpimaji anamuuliza jina, umri na namba ya simu huku mkanda ukijaa upepo, naye anajibu. Mkanda ni mmoja kwa watu wote, na mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo namba hupanda. Kibofu kimejaa lakini akitoka atapoteza nafasi. Kila moja ya hayo inasukuma kipimo juu. Kuongea peke yake kunaweza kukipandisha kwa milimita kumi za zebaki hivi. Yakikutana, mtu ambaye angesoma 128 akiwa nyumbani kwake anaweza kuandikiwa 146. Ndiyo maana miongozo ya tiba haimruhusu daktari kumtangaza mtu mgonjwa kwa kipimo cha siku moja, isipokuwa namba iwe juu mno. Inataka arudiwe siku nyingine. Hema halina siku nyingine.

Kumwambia mtu ana presha nako si jambo la kuchukuliwa kiwepesi. Kuna utafiti wa zamani, wa 1978, uliofanywa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma nchini Canada. Walioarifiwa kwamba wana shinikizo la juu walianza kukosa kazi kwa ugonjwa zaidi ya walivyokuwa wakikosa kabla, wawe wameanzishiwa dawa au la. Miili yao ilikuwa ileile ya wiki iliyopita. Kilichoongezeka ni habari tu. Habari hiyo ina faida ikifuatwa na matibabu. Isipofuatwa na kitu, umempa mtu hofu na kumwachia.

Mpaka hapa ingeonekana wenye mashaka wanashinda. Lakini kuna jaribio moja ambalo, kwa maoni yangu, linakata mzizi wa fitina, nalo halikufanyika hospitalini bali kwenye saluni za kunyoa nywele.

Ilikuwa Los Angeles, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wanaume weusi wa Marekani wanaumizwa na presha kuliko makundi mengi nchini humo, na wengi wao kliniki hawaonekani. Kwa kinyozi, lakini, wanakwenda, wengine kwa kinyozi yuleyule miaka nenda rudi. Watafiti walizipata saluni 52 na wateja 319 ambao kipimo chao cha juu kilikuwa 140 au zaidi. Katika saluni za kundi la kwanza, kinyozi aliwahimiza wateja wabadili mtindo wa maisha na wakamwone daktari. Katika saluni za kundi la pili, kinyozi aliwahimiza wakutane na mfamasia, na mfamasia mwenyewe alikuwa anakuja palepale saluni. Kwa makubaliano na madaktari, aliwapima, akawaandikia dawa, akarudi kuwapima tena na kuongeza dozi pale ilipohitajika.

Baada ya miezi sita, waliohimizwa tu walikuwa wameshuka kwa wastani wa milimita 9.3. Waliofuatwa na mfamasia walishuka kwa milimita 27. Waliofikia presha ya chini ya 130/80 walikuwa asilimia 63.6 upande wa mfamasia, dhidi ya asilimia 11.7 upande wa mawaidha.

Angalia jaribio hili lilivyopangwa, maana hapo ndipo penye funzo. Pande zote mbili zilimfuata mtu mahali alipozoea. Pande zote mbili zilimtumia mtu anayeaminika. Pande zote mbili zilipima. Kilichozitenganisha ni kwamba upande mmoja ulimwambia mtu nenda, na upande mwingine ulimwambia tukutane hapahapa mwezi ujao. Kwa hiyo ugomvi wa "je, kuwafikia watu kwenye jamii kunasaidia?" umeulizwa vibaya. Kunasaidia pale ambapo ziara ya pili imepangwa kabla ya ya kwanza.

Mtu atasema: huko ni Marekani, wafamasia wapo wa kutosha kuwatuma saluni. Ni pingamizi la haki. Lakini mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio lingine, katika jamii 30 za vijijini za Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, lenye watu wazima zaidi ya 2,600 waliokuwa na presha. Waliofanya kazi hiyo ni wahudumu wa afya ya jamii wa serikali, wale wale waliokuwepo siku zote. Walifundishwa kupima sawasawa, wakawa wanapita nyumbani kila baada ya miezi mitatu, wakizungumza na familia nzima, na wenye hali mbaya wakiwapeleka kwa daktari aliyeandaliwa kuwapokea. Baada ya miaka miwili walikuwa wameshuka kwa milimita tano hivi zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Tano ni ndogo ukiilinganisha na ishirini na saba. Ila ni tano za wastani, vijijini, kwa watumishi waliokuwepo, na hazikupotea baada ya wiki mbili.

Je, mawaidha ya ulaji na mazoezi yatupwe? Hapana, ila tukubaliane ni mawaidha ya namna gani. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari waligawanywa makundi. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Mtindo wa maisha ulikishinda kidonge, na matokeo haya yamenukuliwa duniani kote tangu siku hiyo. Kinachosahaulika kunukuliwa ni jinsi walivyosaidiwa: masomo 16 ya ana kwa ana, mtu mmoja na mwalimu wake, ndani ya miezi sita ya mwanzo, kisha ufuatiliaji wa kila mwezi. Huko Da Qing, China, mpango kama huo ulioanza mwaka 1986 uliwashika watu mkono kwa miaka sita. Miaka thelathini baadaye waliokuwemo walikuwa wamecheleweshewa kisukari kwa karibu miaka minne, na vifo vya moyo na mishipa kwao vilikuwa vichache zaidi.

Miaka sita. Ukisikia mtu anazitaja tafiti hizi kutetea semina ya nusu siku, ujue anatumia cheti cha mwingine.

Sasa wapo wanaosema tunajisumbua bure. Kwao, kumfuata mtu mmoja mmoja ni kazi isiyoisha. Badili mazingira na watu watabadilika bila kuhubiriwa. Baba wa hoja hii ni Geoffrey Rose, mtaalamu wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1985 jambo lisilokubalika kirahisi: walio wengi miongoni mwa wanaokufa kwa kiharusi na moyo hawatoki kwa wale wachache wenye hatari kubwa mno, wanatoka kwa umati mkubwa wenye hatari ya wastani. Ukiwashughulikia wachache waliowekewa alama nyekundu, umewaacha wengi. Ukiishusha presha ya taifa zima kidogo tu, unaokoa wengi zaidi.

Mifano ipo. Uingereza ilipoanza mwaka 2003 kuwabana wenye viwanda wapunguze chumvi kidogokidogo katika vyakula vinavyouzwa tayari, wastani wa chumvi anayokula mtu kwa siku ulishuka kutoka gramu 9.5 hadi gramu 8.1 kufikia mwaka 2011. Walaji wengi hawakugundua kama ladha imebadilika. Denmark, hiyohiyo ya Inter99, ilikuwa ya kwanza mwaka 2003 kuwekea kikomo mafuta mabaya yale ya viwandani yanayoziba mishipa. Kodi za sigara, marufuku ya kuvuta kwenye majengo na matangazo ya tumbaku kuondolewa vimewaachisha watu sigara kwa idadi ambayo hakuna mshauri angeifikia akipita mlango kwa mlango. Na kuna ukweli mwingine wenye ukakasi: mawaidha hubebwa vizuri zaidi na mwenye nafasi. Anayefanya kazi mbili, anayerudi usiku, anayeishi pasipo na njia salama ya kutembea, anayepika kile alichoweza kununua, akiambiwa "fanya mazoezi, kula vizuri" anaongezewa lawama juu ya mzigo. Mkataba wa Ottawa wa 1986 kuhusu kukuza afya ulishaliona hilo: kazi ni kufanya uchaguzi wenye afya uwe ndio rahisi kuuchagua.

Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Pale inaponipoteza ni inapojifanya kwamba sheria hushuka kutoka angani. Wenye viwanda wana mawakili, na wabunge wana wapiga kura. Kodi isiyoeleweka kwa watu huondolewa uchaguzi ukikaribia. Denmark yenyewe iliweka kodi ya mafuta yaliyoganda mwaka 2011 na kuifuta baada ya mwaka mmoja na ushee. Lazima kuwe na watu wanaojua kwa nini sheria ipo na walio tayari kuitetea, na watu hao huandaliwa kwenye mikutano, nyumbani, kazini, kwa mazungumzo yale yale ambayo kundi hili linayaona ni ya kupoteza muda.

Karelia Kaskazini ndiyo inayotajwa kila mara hapa, na inastahili, ingawa si kwa sababu zinazotajwa kwa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanaume wa mkoa huo wa Finland walikuwa wakifa kwa moyo kwa viwango vya juu kabisa duniani. Wakazi wenyewe waliandika ombi kwa serikali wakidai lifanyike jambo, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Vyama vya wanawake viliandaa mikusanyiko ya kupika kwa mafuta na chumvi kidogo. Wauguzi walifuatilia presha. Wenye viwanda vya maziwa na nyama walifuatwa na kushawishiwa. Miaka thelathini na mitano baadaye, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wasifiaji huishia hapo. Wakosoaji huendelea: mkoa jirani wa Kuopio, uliotumika kama mlinganisho, nao vifo vilishuka sana, na hata Finland nzima. Miradi mitatu mikubwa ya Marekani ya miaka ya 1980, Stanford, Minnesota na Pawtucket, iliyofuata njia kama hiyo, ilipata tofauti ndogo au haikupata kabisa ukilinganisha na miji ambayo haikuguswa. Basi mradi ulifanya kazi au nchi nzima ilikuwa inabadilika yenyewe? Wasomi wamebishana kwa miongo na sidhani watamaliza. Ninachokiona mimi ni kwamba swali hilo linadhani jamii inaweza kufungiwa kwenye mpaka wa mkoa. Habari za Karelia zilikwenda kwenye redio na televisheni ya taifa, bidhaa mpya za viwandani ziliuzwa Kuopio pia, na sheria ya tumbaku ya Finland ya 1976 haikuwa ya mkoa mmoja. Mradi ukivuja na kuwafaidisha majirani, mtakwimu analia, lakini majirani hawalii.

Njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha ni ya kumpelekea mtu kitu badala ya maneno. Katika vijiji 600 vya China, familia za watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wameshapatwa na kiharusi au wana presha, ziligawanywa kwa kijiji. Nusu ya vijiji vilipewa bure chumvi ambayo robo yake ilikuwa imebadilishwa kuwa ya potasiamu. Nusu nyingine viliendelea na chumvi ya kawaida. Hakuna aliyetakiwa kupika tofauti. Baada ya miaka mitano hivi, matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14. (Chumvi hiyo haimfai mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, kwa hiyo hata kitu chepesi hivyo kinahitaji mtu anayezijua nyumba anazozigawia.)

Kila njia iliyofanya kazi hapa, ukiichimba, unamkuta mtu huyo anayezijua nyumba za watu wake. Na hapa ndipo sera nyingi zinapojikwaa. Mhudumu wa afya ya jamii anapewa chanjo, uzazi, lishe ya watoto, kifua kikuu, malaria, kisha kila mwaka anaongezewa ajenda moja mpya: presha, kisukari, afya ya akili. Begi lilelile, miguu ileile. Brazil, tangu ilipoanza mpango wake wa afya ya familia mwaka 1994, iliwafanya wahudumu hawa kuwa waajiriwa wenye mshahara, kila mmoja na kaya zake anazozijua, na nyuma yake kuna daktari na muuguzi wa timu moja. Nchi nyingine zinaendelea kuwaita wanaojitolea, neno zuri la kumtaja mtu anayefanya kazi bila kulipwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema walipwe kulingana na kazi, na wasilipwe kwa motisha za matokeo peke yake. Sehemu hiyo ya mwisho ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Ukimlipa mtu kwa idadi ya waliopimwa atakuletea waliopimwa. Atapita nyumba zilizo karibu na barabara, atawapima vijana wazima, na yule mzee wa mwisho wa njia, mwenye 180, ambaye humchukua asubuhi nzima kumshawishi ameze dawa, atakuwa hasara kwake.

Ziara yenye faida haipendezi kwenye picha. Mhudumu anakaa, anasubiri zile dakika tano zipite, anapima mara mbili na kuandika kipimo cha pili. Anaomba kuona vidonge. Pakiti ilitolewa siku thelathini zilizopita na bado ina vidonge kumi na vinne. Hafoki; anauliza ilikuwaje. Mara nyingi jibu ni kwamba dawa ilisababisha kukojoa usiku, au mgonjwa alijisikia vizuri akaona amepona, au alikuwa anazibana zisiishe kwa sababu mwezi uliopita dirisha la dawa lilikuwa halina kitu. Hayo ni matatizo matatu tofauti. La kwanza ni la kumwambia daktari abadilishe dawa au saa ya kuimeza. La pili ni la mazungumzo. La tatu si la mgonjwa hata kidogo, na hakuna elimu ya afya itakayolitatua mpaka ghala lijazwe.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka mahema yafungwe, na siwaungi mkono waandaaji wanaotangaza mafanikio jioni ileile. Upimaji wa halaiki mahali ambapo hakuna dawa za kutosha wala wa kufuatilia naona uahirishwe, fedha ziende kwanza kwenye dawa na posho za wafuatiliaji. Mahali ambapo vitu hivyo vipo, upimwe, tena mara nyingi, lakini kila aliyekutwa na namba ya juu aondoke na tarehe, jina la atakayemwona na kituo kinachojua kwamba anakuja. Na wanaotoa fedha, wa serikali au wafadhili, wabadilishe safu moja tu kwenye fomu ya ripoti: badala ya "waliopimwa", iandikwe "waliokutwa na presha ya juu ambao baada ya miezi sita iko chini ya 140/90". Namba hiyo mwanzoni itakuwa ndogo na itawaaibisha wengi. Baadhi ya mashirika yatasema haiwezekani kuipata. Ambaye hawezi kuipata hana orodha ya watu wake, na asiye na orodha hakuwa na mpango wa kurudi.